Wankyo na Maji Mekundu ya Mgunga

Pale Buswahili, kijiji cha huko Butiama, ukiuliza nyumba ya dawa za magome, hata mtoto wa chekechea atakupeleka kwa Wankyo. Na hili lijulikane mapema: Wankyo hakuwa mpiga ramli, wala hakuwahi kumchinja kuku akatazama matumbo yake. Alikuwa mtu wa magome tu, na magome hayo aliyarithi kwa baba yake, ambaye hakuwa mganga hata kidogo. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Alikuwa akilaza ngozi za ng'ombe katika shimo lenye maji ya magome ya mgunga mpaka ziive. Zikitoka humo hazinuki, hazikakamai, na watu walitoka mpaka Bunda kufuata kamba zake na viti vyake vya kuwamba.

Wankyo akiwa msichana aliona jambo moja ambalo kaka zake wote hawakuliona. Mikono ya baba ilikuwa inakatwa na visu kila siku, lakini hakuna kidonda kilichowahi kuoza mikononi mwake. Akawaza, akaanza kuchemsha. Kidonda cha mguu, akakiosha. Fizi zinazotoka damu, akasukutulisha. Mtoto anayeharisha mpaka macho yameingia ndani, akamnywesha kidogo kidogo, tumbo likafunga. Kwa hayo hakuna aliyemshinda, na ukweli usemwe, mpaka leo hajapatikana wa kumshinda.

Tena hakuchukua gome lolote lile. Alikuwa na panga la zamani, la chuma laini, lililofuliwa na mhunzi wa kwao. Akifika kwenye mti anakata kidogo, anaacha majimaji ya gome yalowe kwenye makali, anangoja kwa muda wa mtu kufunga kilemba chake vizuri. Panga likigeuka jeusi kama limemwagiwa wino, gome hilo lina nguvu. Likibaki jeupe, anauacha mti na kwenda zake.

"Panga halidanganyagi," alikuwa akiwaambia wanaomfuata. "Watu ndio wanadanganya."

Shule aliishia darasa la pili, na Biblia aliisoma kwa kidole, neno moja moja. Lakini kichwa alikibeba juu. Watu walimwita mama mwenye dawa yake, naye akazoea.

Mtoto wake wa mwisho, Pastory, alipofikia kuoa, alimleta Recho kutoka Kabasa, kule Bunda mjini. Recho alikuwa mwepesi wa mikono na mcheshi. Aliweza kumwigiza mhubiri, akamwigiza na jogoo wa jirani, Wankyo akacheka mpaka akashika mbavu. Miezi ile ya kwanza walikuwa wanapikia moto mmoja na kuambiana kila kitu.

Mimba ilipofika miezi minne, zahanati wakampima Recho damu, ikawa nane tu, pungufu. Nesi akampa vidonge vya damu, akamwambia ale mboga za majani na dagaa, arudi baada ya mwezi.

Sasa hapa ndipo Wankyo alipokosea, na alikosea kwa sababu ya kiburi. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumpa mtu magome kwa ajili ya kuongeza damu. Kidonda, ndiyo. Tumbo, ndiyo. Damu, kamwe. Lakini ataonekanaje, mwenye dawa mzima, mkamwana wake akose damu ndani ya nyumba yake? Akatazama sufuria. Gome la mgunga likichemka maji yanakuwa mekundu, mekundu hasa. Akasema moyoni, damu ni nyekundu na hii ni nyekundu, nitafute nini tena? Akamjazia kikombe.

"Mama, yanakaza ulimi," Recho alisema siku ya kwanza, uso ameukunja.

"Yanakaza ulimi, yatakaza na mimba. Kunywa."

"Nesi amesema vidonge vinatosha."

"Nesi huyo ana miaka mingapi?"

"Sijamuuliza, mama."

"Kamuulize. Magome haya nimeanza kuchemsha bibi yake akiwa bado anachunga mbuzi."

Recho alicheka, akanywa. Asubuhi kikombe, mchana na ugali kikombe, jioni kikombe.

Mwezi ulipokwisha, damu ilikuwa saba na nusu. Nesi akaitazama kadi, akamtazama Recho.

"Vidonge unameza?"

"Namezaga kila siku."

Nesi akamgeukia Wankyo, maana walikwenda pamoja. "Mama, hebu msimamie. Wengi wanavitupa chooni, wanasema vinanuka."

Wankyo alirudi nyumbani akipiga hesabu yake. Vidonge ni vya serikali, haviwezi kuwa vibovu. Magome ni yake yeye, yatakuwaje mabaya? Aliyebaki ni Recho.

Basi kila asubuhi akakaa kwenye kigoda mlangoni, kidonge mkono wa kushoto, kikombe cha maji mekundu mkono wa kulia. Recho anapewa kidonge, anapewa kikombe, anashushia papo hapo. Kisha Wankyo anamwambia afungue mdomo, ainue ulimi, kama mtu anayemkagua mbuzi meno mnadani. Siku za mwanzo Recho alifanya mzaha, akalia kama mbuzi, na Pastory akacheka. Baadaye akawa anafungua mdomo tu, macho anayapeleka pembeni.

Mwezi wa pili, damu ikawa chini ya saba. Recho alikuwa anapanda kilima cha kisimani anakaa chini mara tatu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo.

Hapo ndipo Wankyo alipolitamka lile neno. Alilisema kwenye mashine ya kusaga, mbele ya wanawake waliokuwa wanangoja zamu. "Anakibana kidonge shavuni. Akitoka nje anatema."

Mmoja akamuuliza, "Umemwona, mama Pastory?"

"Mimi nakaa naye. Nitakosaje kumwona?"

Hakuwa amemwona, hata siku moja. Aliwaza hivyo, na alipowaza mara ya pili akadhani ameona. Neno halikumaliza wiki. Likafika kwaya ya kanisani, likavuka mpaka Mwitongo, likamfikia Pastory likiwa limenenepa: kwamba mke wake haitaki mimba.

Pastory alimuuliza mkewe uani, mama yake yuko jikoni anasikia kila kitu.

"Recho, niambie ukweli."

"Nameza. Mama yako ananitazamaga mpaka chini ya ulimi. Nitatemaje?"

"Mama anasema unatema."

"Basi mwite aseme mbele yangu."

Wankyo alisikia. Akakoroga mboga iliyokuwa tayari imeiva. Hakuitwa, na hakutoka.

Pastory akampeleka mkewe Kabasa. "Kaa kwenu uzae," alimwambia. "Hapa utaniulia mtoto."

Huko Kabasa hapakuwa na magome. Recho alimeza vidonge vilevile kwa maji ya kunywa, akala mchicha na dagaa kwa mama yake, na ilipofika mwezi wa nane damu ilikuwa imepanda mpaka kumi. Akajifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti. Mtu mwingine angesema, kumbe binti wa watu alisingiziwa. Buswahili hawakusema hivyo. Walisema, mnaona sasa? Kwao anameza, kwetu alikuwa anatema. Kupona kwake ndiko kukawa ushahidi wa kumhukumu.

Na Wankyo, walipomletea habari hizo, alisema, "Si niliwaambia?"

Mwaka uliofuata, kiangazi, alikuja binti mmoja anaitwa Consolata. Alitoka chuoni, anazunguka Bunda na Butiama kukusanya dawa za miti na kuzipima, na kila alipopita alikuwa ameambiwa asiache kufika kwa Wankyo. Hilo lilimpendeza Wankyo kuliko alivyoonyesha. Akamtandikia mkeka wake mpya.

Consolata alikuwa na kisanduku cha chupa ndogo ndogo. Akasaga gome la mgunga, akalichemsha, akalichuja kwa kitambaa, akagawa maji yake mekundu katika vichupa viwili vya kioo. Kichupa cha tatu akatia maji matupu.

"Ya nini hayo maji, mjukuu wangu? Una kiu?"

"Ya kulinganishia, bibi. Usije ukasema nimekudanganya."

Akachukua chupa yenye dawa ya rangi ya manjano, akasema hii imetengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa. Akadondosha matone matatu katika maji matupu, yakabaki na umanjano wake. Akadondosha matatu katika maji ya mgunga. Papo hapo yakageuka meusi, meusi ya kuingia kwenye buluu, kama wino wa karani.

Wankyo akacheka kwa sauti. "Hiyo ndiyo kazi ya chuo? Mimi panga langu linanionyesha hivyo tangu sijavunja ungo."

"Panga?"

Akaenda kulileta, akamweleza. Consolata aliligeuza geuza mikononi, akaandika daftarini mwake ukurasa mzima. "Bibi, hiki ni kipimo kilekile. Kinachofanya weusi kinaitwa tanini. Gome lako limejaa tanini. Mengine niliyopima njiani yaligeuka kijani, ni tanini za ukoo mwingine, lakini hili lako ni kali."

Halafu akakoroga unga fulani katika maji ya vuguvugu, akasema unatokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Akautia katika kichupa cha pili. Maji mekundu yakavurugika kama togwa, yakaganda, mashapo yakazama chini.

"Tanini inakamata nyama ya ngozi na kuikaza," akasema. "Ndiyo maana ngozi haiozi. Kidondani inafanya hivyo hivyo, inatengeneza gamba jembamba, kidonda kinakauka. Na ndani ya tumbo linaloharisha vilevile. Hukukosea, bibi."

Wankyo alinyoosha mgongo. Alitamani mashine yote ya kusaga iwe pale inasikia.

"Ila kuna jambo moja la kuangalia," Consolata akaendelea, anafuta vichupa. "Umeona ilivyokamata chuma? Na ndani ya mwili inakamata hivyo hivyo. Vidonge vya damu ni chuma. Mtu akivimeza pamoja na maji haya, au hata na chai ya rangi nzito, tanini inakikumbatia kile chuma humo tumboni na haikiachii. Mwili unakikosa, kinapita kinaenda chooni. Mtu anameza kila siku na damu inashuka kila siku."

Akafungua tena daftari lake.

"Wajawazito unawapaga, bibi?"

Pale ukumbini hapakuwa na mtu mwingine, ni wao wawili na kuku. Binti mwenyewe alikuwa anauliza kwa upole, kalamu mkononi, hana habari na mtu anayeitwa Recho. Wankyo angeweza kusema. Alilitazama lile panga lililolala kwenye mkeka. Miaka arobaini na zaidi limekuwa likimwonyesha jinsi gome linavyokamata chuma, na yeye alikuwa anasoma nguvu tu, hakuwahi kujiuliza hicho chuma kinakwenda wapi.

"Hapana," akasema. "Wajawazito siwapi."

Consolata akaandika hapana.

Tangu siku ile hakumpa tena mjamzito hata tone, na hakumwambia mtu kwa nini. Alidhani hiyo itatosha. Haikutosha, maana haukupita mwezi Pastory akamfuata shambani kwenye pamba. Alikuwa hajaoa mwanamke mwingine. Alikuwa amekonda.

"Mama, nataka nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Yule Recho. Kweli ulimwona anatema? Kwa macho yako?"

Wankyo alichuma pamba, akatia kwenye gunia, akachuma nyingine. Neno lilikuwa mdomoni, limefika kwenye meno. Akawaza wanawake wa mashine ya kusaga. Akawaza, mama mwenye dawa yake alimnyima damu mkwe wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilichosema nilisema," akajibu.

Pastory akasimama kidogo, akaondoka. Mwaka wa pili yake wakasikia Recho ameolewa Musoma, na mwanamume wa huko ziwani anayeitwa Masatu, na mtoto amekwenda naye. Pastory siku hiyo alilima mpaka ng'ombe wakagoma.

Wankyo angekufa na neno lake kifuani kama si Nyangi, mama mmoja anayeleta dagaa kutoka Musoma kuja kuuza Buswahili. Nyangi alikuja kuoshwa kidonda cha kisigino, na akiwa amekaa mguu ndani ya beseni akaanza kupiga soga.

"Yule mkamwana wenu wa zamani ana mimba tena. Na damu imempungua tena."

"Nani kakwambia?"

"Tunakaa mtaa mmoja. Mama mkwe wake, Rebeka, alishasikia habari zake za huku. Kila asubuhi anamkalisha barazani anamfungulisha mdomo. Watoto wa jirani wanakujaga kuangalia." Nyangi akacheka kidogo. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

Wankyo alimaliza kukiosha kisigino kile, akakifunga vizuri. Asubuhi yake akavaa kitenge cha kanisani, akapanda gari la Musoma. Hakumwambia Pastory anakokwenda.

Nyumba ya Rebeka ilikuwa karibu na ufuko, nyavu zimeanikwa uani. Wankyo alifika wanakunywa chai. Recho alikuwa ameketi kwenye mkeka, tumbo limechomoza, kidonge kiko kiganjani na kikombe cha chai ya rangi kiko mbele yake. Alipoinua macho akamwona aliyesimama mlangoni, hakushtuka. Aliweka kikombe chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mtoto wa miaka minne alikuwa anacheza na maboya ya nyavu. Akaja mbio, akainamisha kichwa, "Shikamoo, bibi," kama anavyomsalimu kikongwe yeyote apitaye njiani, akarudi kwenye mchezo wake. Wankyo alimkaribia kumshika, mkono ukaishia hewani.

Rebeka alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno mafupi. "Karibu, mwenzangu. Umetoka wapi?"

"Natoka Buswahili. Mimi ndiye mama yake Pastory."

"Ahaa. Ndiyo wewe." Rebeka akamtazama Recho, akamrudia mgeni. "Basi umenikuta kwenye kazi uliyoniachia."

"Hiyo kazi ndiyo nimeifuata. Nataka uiache." Wankyo hakukaa, ingawa alivutiwa kiti. Alijua akikaa hatasema. "Huyu alikuwa anameza. Kila kidonge alimeza. Mimi ndiye nilikuwa namshushia kwa maji ya magome, na magome yanakamata ile dawa, haiingii mwilini. Damu yake niliishusha mimi. Nikasema anatema. Sikumwona anatema. Nilisema tu."

Rebeka akauliza, taratibu, "Na sasa je? Hapa hanywi magome, na damu haipandi."

"Hicho kikombe. Chai nzito ina kitu kilekile. Ameze kwa maji matupu, chai ikae mbali, muda wa saa mbili hivi. Na umwache mdomo wake."

Rebeka alikiinua kikombe cha chai, akakitazama ndani kama kuna mdudu, akakimwaga mchangani. Akamwita mtoto alete maji.

Recho alimeza kidonge chake kwa maji. Alipomaliza akauliza, sauti ya chini, wala haina ukali.

"Mama, ulijua lini?"

Wankyo alikuwa amejitayarisha njia nzima kwa matusi. Kwa swali hili hakujitayarisha.

"Mwaka ule huyu mtoto anaanza kutembea. Alikuja msomi, akayapima magome."

Recho alihesabu, midomo inacheza. "Mwaka ule Pastory aliniletea salamu, akaniuliza kama nitarudi. Nikamjibu, nitarudi akiniletea neno kutoka kwako kwamba sikutema. Hilo moja tu. Nilingoja mpaka mavuno. Nikangoja tena mavuno mengine."

"Aliniuliza," Wankyo akasema.

"Ukamjibu nini?"

Wankyo akaaga. Recho akanyanyuka polepole, mkono kiunoni, akamsindikiza mgeni mpaka kwenye kona ya uzio wa nyavu. Hapo akasimama. Kwa desturi mkamwana humfikisha mama mkwe barabarani mpaka amwone amepanda gari. Recho hakuvuka ile kona.

"Safari njema, mama," akasema. "Uwasalimie."

Wankyo alifika Buswahili jua bado liko juu. Pastory alikuwa uani anatengeneza plau. Hakumpa nafasi ya kuuliza alikotoka. Alimwambia yote akiwa amesimama, kuanzia kikombe cha kwanza mpaka lile jibu la kwenye pamba, na mara hii hakujipunguzia kitu. Akamwambia Jumapili atayasema kanisani pia, na kwenye mashine ya kusaga.

Pastory alikaza bolti moja, akaikaza tena ingawa ilikuwa imeshakaza. Akaweka spana chini.

"Mtoto umemwona?"

"Nimemwona."

"Amefanana na nani?"

Wankyo alitamani kusema amefanana na mama yake, angalau uchungu umwondokee. Lakini alikuwa amekwisha kusema uongo wa kumtosha.

"Amefanana na wewe," akasema. "Kila kitu, mpaka anavyokimbia."